Jinsi ya kuomba ruhusa ya kubadilisha maktaba ya pamoja katika Debian

Niliitwa kwenye ghala moja la kahawa hapa Arusha. Mizani ilikuwa nzima, kompyuta nzima, ila tangu mfumo wa Debian (aina ya Linux) usasishwe, uzito kwenye skrini haukuwa wa gunia lililokuwa juu ya mizani. Mtunzaji wa maktaba fulani, yaani msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, alikuwa amechomeka sehemu mpya katikati ya muundo wa data, jina la maktaba akaliacha vilevile. Programu ya zamani ikawa inasoma baiti zisizo zake. Haikugoma, haikutoa onyo, na wakulima walikuwa wameshapanga foleni.

Basi, wewe unayetunza maktaba, anza kwa kujua kama umevunja kitu. Jenga toleo la zamani na jipya, yote kwa alama ya -g (inayoweka taarifa za utatuzi ndani yake), kisha yalinganishe kwa programu iitwayo abidiff. Kuongeza fanksheni mpya kwa kawaida hakuna shida. Kuondoa iliyopo, au kugusa ukubwa wa muundo ambao programu zinautumia moja kwa moja, ni kuvunja. Usidanganyike kwamba msimbo umejengeka bila kosa: binari, yaani programu iliyokwisha kujengwa, haijui ulichobadilisha.

Umevunja? Badilisha SONAME, jina lililoandikwa ndani ya maktaba ambalo programu hulitafuta. libmizani.so.1 iwe libmizani.so.2, na kifurushi libmizani1 kiwe libmizani2, ili vyote viwili viweze kukaa kwenye kompyuta moja.

Pakia kwenye experimental, tawi la majaribio la Debian; usiguse unstable, tawi ambamo toleo lijalo huandaliwa. Jina la kifurushi ni jipya, kwa hiyo kitapita foleni ya NEW kikaguliwe. Kama huna haki ya kupakia, tafuta mdhamini kupitia mentors.debian.net.

Ukisubiri, jenga upya kila kifurushi kinachotegemea maktaba yako. Hapa ndipo penye kazi, na ndipo ninapowaomba wenzangu wasifanye haraka. Kinachoshindwa kujengeka, mfungulie mtunzaji wake ripoti, na ukiweza mpe kiraka.

Sasa ndipo uombe ruhusa. Fungua reportbug, programu ya kutuma ripoti Debian, chagua release.debian.org, kisha transition (mpito). Andika jina la zamani, jina jipya, vifurushi vilivyoshindwa na namba za ripoti zake. Subiri timu ya matoleo ikubali, ndipo upakie unstable. Kujenga upya vifurushi vingine watakupangia wao. Usiombe ruhusa wakati toleo jipya la Debian limekaribia, maana mlango huo hufungwa mapema.

Mwaka 2024 Debian ilibadilisha maktaba nyingi za armhf (kompyuta za ARM za biti 32) ili saa zivuke tarehe 19 Januari 2038, siku ambayo hesabu ya muda ya biti 32 hujaa, ikaongeza t64 kwenye majina ya vifurushi. i386 (kompyuta za aina ya Intel za biti 32) iliachwa makusudi, kwa sababu kazi yake kubwa sasa ni kuendesha binari za zamani. Uamuzi huo naupenda sana.

Na wenye programu za kujijengea, kama ile ya mizani: apt, programu inayosimamia vifurushi, haijui kwamba zinahitaji maktaba ya zamani, na amri yake ya autoremove, inayofuta visivyohitajika, yaweza kuifuta. Kabla ya kusasisha, andika apt-mark manual libmizani1.