Kuzuia Mboga Zilizokatwa Zisibadilike Rangi

Kiazi kinapokatwa, seli zake hupasuka, na kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kiitwacho polifenoli oksidesi hukutana na viambata vya fenoli ambavyo hapo awali vilikuwa mahali pengine ndani ya seli. Oksijeni ya hewani ikishavifikia, rangi ya kahawia hujitokeza baada ya muda mfupi. Kwa hiyo kazi ya kuhifadhi huanzia kwenye kisu. Kisu butu huponda seli nyingi zaidi, hivyo kinolewe vizuri, tena kiwe cha chuma kisichoshika kutu.

Viazi vilivyomenywa vitumbukizwe mara moja katika maji baridi yanayovifunika kabisa, kisha viwekwe kwenye jokofu na vitumike ndani ya siku moja. Bilinganya huelea, kwa hiyo iwekewe sahani juu ili izame. Maji ya limau yakiongezwa, asidi yake hudhoofisha kimeng'enya, na vitamini C hurudisha nyuma badiliko la fenoli kabla weusi haujatokea. Siki nayo hufaa, ingawa ladha yake hung'ang'ania. Binafsi napendelea limau.

Limau hilohilo, hata hivyo, huharibu mboga za kijani, kwa kuwa asidi huondoa magnesiamu katika klorofili, yaani kiambata kinachoipa mimea rangi ya kijani, na kuacha rangi ya zeituni iliyofifia. Brokoli na maharagwe machanga yanayokusudiwa kugandishwa yachemshwe kwa dakika 2 hadi 3, yapozwe papo hapo katika maji ya barafu, kisha yachujwe hadi yakauke.

Weupe unaotanda juu ya karoti zilizomenywa una chanzo kingine: uso wake umekauka. Karatasi ya jikoni yenye unyevu kidogo, ndani ya chombo kinachofungwa vizuri, hutosha.

Majani ya saladi hutaka uangalifu zaidi, kwani hata yakikaushwa vizuri na kuwekwa kwenye baridi ya nyuzi 0 hadi 5 za Selsiasi, gesi ya ethilini inayotoka kwenye matofaa au nyanya zilizoiva huyatia madoa ya kahawia. Matunda hayo yatengwe nayo.

Ukahawia peke yake hauna madhara kwa mlaji. Mboga iliyoanza kuteleza au kunuka itupwe, hata kama rangi yake bado inapendeza.