Kabla hujapima kolesteroli, na kabla hujameza kidonge cha kwanza

Usisubiri dalili. Kolesteroli ikizidi haiumi, haileti kizunguzungu, haichoshi. Wala wembamba si kinga. Sehemu kubwa ya kolesteroli ya mwili hutengenezwa na ini, si sahani, na kila ini lina urithi wake.

Ukienda maabara, omba kipimo kamili cha mafuta ya damu. Namba moja ya jumla haikufikishi mbali. Unataka nne: jumla, LDL (ile mbaya), HDL (ile nzuri) na trigliseridi (aina nyingine ya mafuta ya damu). Kufunga si lazima kila mara, ila kama trigliseridi zako ziliwahi kuwa juu, au daktari ameagiza, funga kwa muda wa saa 9 hadi 12. Maji ruksa, chai ya maziwa hapana. Pombe iache siku mbili kabla. Masharti haya yana sababu: maabara nyingi haziipimi LDL moja kwa moja, zinaikokotoa. Huchukua jumla, zikatoa HDL, kisha zikatoa trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2. Trigliseridi zikivuka milimoli 4.5 kwa lita hesabu hiyo haishiki tena, na LDL iliyoandikwa kwenye karatasi usiiamini.

Usipime ukiwa ndiyo kwanza umetoka kwenye malaria kali, nimonia au upasuaji. Ugonjwa huishusha LDL kwa muda, ukafurahia bure. Ngoja wiki sita hivi. Mjamzito yeye kolesteroli yake hupanda kwa kawaida, naye asubiri ajifungue kwanza.

Soma kizio kabla ya kushtuka. Ndugu aliye Marekani atakutajia LDL ya 116, wewe una 3, mkadhani yeye yu mahututi. Ni kiwango kilekile: kwao ni miligramu kwa desilita, kwenye karatasi yako ni milimoli kwa lita. Kolesteroli gawanya kwa 38.7, trigliseridi kwa 88.6. Halafu usijipime kwa ile safu ya "kawaida" iliyochapwa pembeni. Karatasi haijui kama una kisukari. Mtu mwenye hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo anatakiwa kuwa na LDL chini ya 3.0, mwenye hatari kubwa chini ya 1.8, aliyekwisha kupata shambulio la moyo chini ya 1.4, kwa miongozo ya Ulaya. Kwa hiyo 2.8 ni habari njema kwa mmoja na mbaya kwa jirani yake kwenye foleni.

Uliza kolesteroli hiyo imetoka wapi. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi kivivu, figo zinazovujisha protini, kisukari kisichodhibitiwa, steroidi, baadhi ya ARV: vyote hupandisha mafuta ya damu, na kutibu chanzo huweza kuokoa vidonge. LDL ikipita 4.9, au kama baba alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, fikiria kolesteroli ya kurithi. Humpata takriban mtu 1 kati ya 300, na wengine huota vinundu kwenye kano la kisigino. Hapo watoto nao wapimwe.

Chupa ya mafuta iliyoandikwa "haina kolesteroli" isikudanganye. Hakuna mafuta ya mmea yenye kolesteroli ya maana, tangu hapo. Swali ni mafuta yaliyoshiba (yale yanayoganda kwenye baridi), kwa kuwa ndiyo yanayolifanya ini liache LDL izagae kwenye damu. Kijiko kikubwa cha mafuta ya nazi kina gramu 11 hivi za mafuta hayo, cha mawese karibu 7, cha alizeti moja na nusu. Anayekula kalori 2,000 kwa siku asizidi gramu 22. Haya, hesabu mwenyewe vijiko vya sufuria yako. Ongeza maharage, kunde, choroko. Yai si adui mkubwa kama linavyosemwa. Mafuta lililokaangiwa ndiyo ya kuangaliwa.

Sasa lile linaloua. Kisa chake hakibadiliki, hubadilika mgonjwa tu. Mzee ana kisukari, LDL yake 4.2. Anaandikiwa atovastatini miligramu 20, kidonge cha kushusha kolesteroli cha kundi liitwalo statini. Baada ya miezi mitatu anarudi maabara: 2.4. Anapiga picha karatasi, anaitupia kwenye kundi la familia, hongera zinamiminika. Pakiti inakwisha, hanunui nyingine. Si amepona? Hakupona. Statini haimalizi kolesteroli kama dawa ya malaria inavyomaliza vimelea. Hukizuia kimeng'enya ndani ya ini kinachotengeneza kolesteroli; ini likipungukiwa huivuta LDL kutoka kwenye damu. Kidonge kikikoma, kimeng'enya kinarudi kazini, na ndani ya wiki chache LDL ipo palepale, 4.2. Hasikii chochote. Hapimi tena, maana alishapona. Miaka inapita, utando wa mafuta unanenepa ndani ya ateri za moyo, hadi siku unapopasuka, damu ikagandia pale na ateri ikaziba. Hospitalini ndugu wanaapa: "Lakini kolesteroli yake ilikuwa sawa!" Ilikuwa sawa kwa sababu ya kidonge.

Kwa hiyo kabla ya kidonge cha kwanza, piga hesabu ya cha mia tatu. Bei kwa mwezi ni kiasi gani? Duka la jirani huwa nayo? Bima inalipia? Kama jibu ni hapana, mwambie daktari palepale, usione haya, aandike yenye jina la kawaida badala ya ya kampuni. Dawa ya bei nafuu unayomeza kila siku inaishinda ya gharama uliyoimudu miezi miwili. Kisha rudi kupima baada ya wiki 4 hadi 12, na baadaye kila mwaka.

Peleka orodha ya dawa zako zote. Simvastatini, statini nyingine, haikai pamoja na antibiotiki za klarithromaisini na erithromaisini, wala ARV zenye ritonaviri. Hurundikana mwilini ikaharibu misuli. Ukiwa unatumia amlodipini ya presha, simvastatini isizidi miligramu 20. Balungi nalo liache. Mapaja au mabega yakiuma bila kazi, ripoti, kipimo cha dawa kitabadilishwa. Mkojo ukiwa wa rangi ya kahawa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mengine mnayajua. Simvastatini ni ya usiku. Usigawane vidonge na mwenzio. Ukipanga kubeba mimba, sema mapema. Kitunguu saumu na ndimu ni viungo, havizibui ateri. Sigara acha, presha pima. Na kifua kikibana, jasho jembamba likikutoka, usiulizie kipimo cha mafuta. Tafuta gari la kukufikisha hospitali.