Jedwali mbili za mstari: ipi inabadilika kwa kasi zaidi?

Ukipewa jedwali mbili za fanksheni za mstari (zile ambazo y inabadilika kwa kasi ileile kadiri x inavyosonga) usikimbilie kuangalia y inaruka kwa ngapi, anza na x kwanza maana hapo ndo wengi wananasa. Chukua safu ya kwanza na ya mwisho tu (safu hapa ni jozi moja ya x na y yake), toa y ya kwanza kwenye y ya mwisho, fanya hivyohivyo kwa x, kisha gawanya tofauti ya y kwa ya x, hiyo ndo kasi. Mfano A: x ni 0, 2, 4, 6 na y ni 1, 9, 17, 25, yaani 24 ÷ 6 = 4. B: x ni 1, 2, 3 na y ni 10, 15, 20, unapata 10 ÷ 2 = 5. A inaruka 8 kila safu inaonekana ndo kali lakini B ndo inaizidi, basi tu x za A zinaenda mbilimbili. Inakubali sababu kwenye mstari kasi ni ileile popote, safu zozote mbili zinatosha. Ila kama jedwali sio la mstari hii inakudanganya mchana kweupe, so jaribu na safu ya katikati, jibu likibadilika achana nayo. Na kasi hasi nazo: kasi ya −7 inashuka kwa kasi kuliko 4 inavyopanda, japo 4 ndo kubwa.