Kabla hujanunua domeini ya kuuza, mjue atakayeinunua

Wengi wanaingia kwenye biashara ya domeini, yaani kusajili majina ya saiti na kuyauza, kwa kusikia habari moja tu, kwamba voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019, basi usiku huohuo mtu anafungua laptop anasajili kila jina linalomjia kichwani. Ni kweli iliuzwa hivyo, ila lile ni neno la kila siku la Kiingereza tena kwenye .com, na ya aina hiyo yalishachukuliwa zamani sana. Hata majina ya herufi tatu ya .com, ambayo jumla yake ni 17,576, yote yana wenyewe. Wewe unayeanza leo na laki moja au mbili mfukoni huko huendi, tuongelee unakoweza kwenda.

Kitu cha kwanza achana na swali la "hili jina zuri?" maana uzuri wake kwako haumlazimishi mtu kutoa hela. Jiulize nani analihitaji, na umtaje, biashara za aina tatu angalau. Tuseme umefikiria jina kama nyumbapwani. Haya, nani anunue? Dalali wa nyumba Kigamboni, mwenye nyumba za kupangisha wageni Bagamoyo au Diani, kampuni inayojenga na kuuza nyumba Bamburi. Sawa, hapo kuna watu na wana hela. Sasa chukua ndotozakesho, tamu kutamka, lakini mnunuzi ni nani? Ukijikuta unajibu "mtu yeyote mwenye kampuni" ujue hakuna mtu, liache.

Ukishapata jina usikimbilie kulipia. Ingia Google, ingia Instagram, kisha tafuta kwenye mfumo wa BRELA, wale wanaosajili kampuni, kama uko Tanzania uone kampuni ngapi zinatumia hilo neno. Ukikuta kadhaa zinalitumia, na saiti zao zina majina marefu ya ajabu au kwenye bango wameandika Gmail, aisee hao ndio wateja wako. Ukikuta inatumiwa na kampuni moja tu, tena inajulikana, kimbia.

Hapo kwenye kukimbia nikae kidogo maana ndipo watu wanaumia. Kusajili jina la benki au mtandao wa simu ukiongeza neno mbele sio ujanja. Tangu 1999 ICANN, shirika linalosimamia majina ya saiti duniani, ina utaratibu unaitwa UDRP, mwenye alama ya biashara anapeleka malalamiko, kwa mfano kule WIPO, shirika la dunia la miliki bunifu, anaonyesha mambo matatu: jina linafanana na alama yake, wewe huna haki nalo, na umelisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Yakithibitika jina linaondoka na wewe hulipwi hata senti. Na usidhani neno likiwa la Kiswahili basi ni letu sote liko huru. Disney walisajili "Hakuna Matata" kule Marekani kwa ajili ya fulana, watu walikuja kulalamika sana 2018 lakini usajili ulikuwepo tangu 2003. Kwahiyo angalia alama za biashara pia, bara ni BRELA haohao, Zanzibar ni BPRA, Kenya ni KIPI.

Halafu jaribu jina kwa simu. Mpigie mtu ulitamke mara moja, usimtajie herufi, mwambie akuandikie alichosikia. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa lakini sisi wenyewe hatutamki sawa, kuna wa l na wa r, kuna wa dh na wa z, wengine th inageuka s. Neno kama dhahabu au ghala litaandikwa namna mbili tatu, na kila anayekosea ni mteja ambaye mwenye saiti atampoteza, naye mnunuzi analijua hilo. Maneno kama duka, shamba, soko, gari, kazi hayana tatizo hilo, na ukiunganisha mawili yanayokaa pamoja kiasili bado yapo ambayo hayajachukuliwa. Vitenzi virefu usiguse, tunakuuzia na tutakuletea na ndugu zake. Viungio (kile kistari -) na tarakimu katikati ya jina pia achana navyo, unaeleza kwenye simu mpaka salio linaisha.

Mwisho wa jina nao una maneno. Mteja wa kimataifa au diaspora, .com bado ndiyo anaiandika bila kufikiria. Mteja wa Mwanza au Kisumu anazoea kuona .co.tz na .co.ke, ila wanunuzi ni wachache zaidi na kila nchi ina masharti yake ya kusajili na kuhamisha umiliki, yasome kabla. Za .ai, ambazo kiuhalisia ni za kisiwa cha Anguilla, unalipia miaka miwili kwa mpigo, sio za kujifunzia. Na hizi mpya za dola moja mwaka wa kwanza, tafadhali angalia bei ya mwaka wa pili kabla hujabonyeza.

Kwa sababu domeini sio kiwanja ambacho utakiacha kiote majani mpaka bei ipande. Piga hesabu hivi: una .com 50, kila moja tuseme dola 12 kwa mwaka, hiyo ni dola 600 kila mwaka uuze usiuze. Wazoefu wengi wanakwambia kwa mwaka yanauzika asilimia moja au mbili ya majina uliyonayo, yaani kwenye 50 labda moja, labda hakuna. Ukiuza hilo moja kwa dola 300 umekula hasara na huku unashangilia. Ndio maana anza na matatu, manne, na bei ya kuuzia ipange ukiwa na hesabu hiyo mezani. Kupata picha ya bei ingia NameBio, saiti inayoweka rekodi za domeini zilizouzwa, andika neno lako uone yanayofanana nalo yaliuzwa kiasi gani na mwaka gani. Angalia bei zilizolipwa kweli, zile zilizotundikwa na wauzaji kila mtu anaandika anavyoota.

Majina yaliyoachwa na wenyewe ni chimbo zuri pia. .com ikiisha muda haidondoki siku hiyohiyo, mwenyewe anaweza kupewa mpaka siku 45 za kulipia kutegemea kampuni aliyosajilia, kisha siku 30 za kuikomboa kwa faini, kisha siku 5 ndio inafutwa na wewe unaweza kuisajili, japo nyingi nzuri zinakwenda mnadani kabla ya hapo. Ukiipenda moja iangalie kwanza kwenye Wayback Machine, inayohifadhi kurasa za zamani za saiti, ilikuwa nini, maana nyingine zilikuwa za kamari au picha za ngono na hiyo historia inamfuata mnunuzi.

Ukishalipia weka ukurasa unaosema jina linauzwa, weka bei au fomu ya ofa, na liorodheshe kwenye masoko ya domeini kama Sedo au Afternic. Hela kubwa pitisha eskro, yaani kampuni ya kati inayoshika hela, mnunuzi analipa huko, wewe unahamisha jina, ndio unalipwa. Na ukipata emaili ya mtu anayetaka kununua kwa maelfu ya dola ila anakuomba kwanza ulipie cheti cha tathmini kwenye saiti anayoitaja yeye, hiyo futa, usimjibu hata.