Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuagiza Matairi ya Ubavu Mweupe kwa Gari la Zamani

Anayelirudisha gari la Kimarekani la miaka ya 1950 katika hali liliyotoka nayo kiwandani huweza kuhangaika muda mrefu kutafuta rangi halisi, kitambaa cha viti na hata aina ya boliti, kisha anapofika kwenye matairi akaagiza yenye weupe mpana kuliko yote kwa sababu tu yanapendeza. Hilo ni kosa la kusikitisha, kwa kuwa upana wa weupe ule ulibadilika kadiri miaka ilivyokwenda, na mtu mwenye ujuzi huweza kukadiria mwaka wa gari kwa kutazama ubavu wa tairi kabla hajafungua boneti. Matairi haya ni ghali na gharama ya kuyasafirisha ni kubwa, kwa hiyo maswali yote yaulizwe kabla ya fedha kutoka.

Swali la kwanza ni kama gari lenyewe lilitoka kiwandani na matairi meupe. Kwa magari mengi ya wakati ule tairi la kawaida lilikuwa jeusi tupu, na ubavu mweupe ulikuwa nyongeza ambayo mnunuzi aliilipia. Vipeperushi vya matangazo vinapotosha katika jambo hili, maana kampuni zilipenda kuonyesha gari lililopambwa kwa kila nyongeza iliyokuwapo. Ushahidi ulio bora ni karatasi za gari lenyewe zinazoorodhesha nyongeza zake, iwapo zimesalia. Katika Chevrolet Corvette ya 1957, gari la michezo, kwa mfano, matairi meupe yaliorodheshwa kama nyongeza namba 290. Karatasi zikikosekana, picha za familia za miaka ile, au picha za magari yaliyopangwa kwa muuzaji yakisubiri wateja, ni shahidi wa kuaminika kuliko mchoro wa tangazo. Gari la bei nafuu lililonunuliwa kwa kazi za ofisi huenda halikuwahi kuvaa tairi jeupe hata siku moja, na kwa maoni yangu gari la namna hiyo huwa zuri zaidi likibaki na matairi yake meusi.

Vita navyo viliacha alama. Baada ya Vita Kuu ya Pili mpira ulikuwa bado haba, na baadhi ya magari ya 1946 na 1947 yalivalishwa pete nyeupe za chuma kwenye rimu ili kuiga sura ya tairi jeupe. Wakati wa Vita vya Korea matairi meupe yaliadimika tena. Mwenye gari la vipindi hivyo asidhani kwamba kwa kuwa modeli yake ilipambwa kwa weupe mwaka uliotangulia, basi na lake lilipambwa vivyo hivyo.

Likishathibitika kwamba weupe unastahili, ndipo lije suala la upana, na hapa inafaa kutulia. Corvette za kwanza, zile 300 zilizoundwa Flint, Michigan, mwaka 1953, zote zilikuwa nyeupe na zote zilivaa matairi ya ukubwa wa 6.70-15 (yaani upana wa inchi 6.70 kwa rimu ya inchi 15) yenye ubavu mweupe mpana. Chevrolet za abiria za 1955 na 1956 zilitumia ukubwa huohuo, na matairi yanayotengenezwa leo kwa ajili yake huwa na weupe wa takriban inchi 2 na robo tatu. Mwaka 1957 Chevrolet hizo za abiria zilihamia rimu ya inchi 14 na tairi la 7.50-14, na weupe ukapungua hadi kama inchi 2 na robo, ilhali Corvette ya mwaka uleule ilibaki na rimu ya inchi 15. Mwaka huohuo Cadillac ilitoa Eldorado Brougham yenye mstari mweupe wa inchi 1 tu, jambo lililokuwa geni kabisa, na kufikia modeli za 1962 mstari mwembamba ulikuwa umeenea karibu kila mahali Marekani. Kwa hiyo Corvette ya 1961 ndiyo ya mwisho kuvaa weupe mpana, na ya 1962, ingawa wengi huitazama kama pacha wake, huvaa mwembamba. Anayeivalisha ya 1962 weupe mpana hulirudisha gari nyuma mwaka mzima bila kukusudia.

Kipimo chenyewe kinahitaji uangalifu. Ubavu wa tairi umepinda, kwa hiyo rula iliyonyooka hudanganya. Tumia futi kamba ya fundi cherehani, uilaze juu ya mpira ikifuata mpindo, kuanzia pale weupe unapoanzia karibu na rimu hadi unapokutana na weusi. Angalia pia mahali weupe ulipo. Katika matairi ya weupe mpana, weupe hushuka hadi karibu na ukingo wa rimu, lakini mstari mwembamba huelea katikati ya ubavu, ukiwa na weusi juu na chini yake. Mwombe muuzaji akupigie picha ya karibu yenye futi ikiwa imelazwa, maana maelezo ya maneno matupu hayatoshi.

Kuna tofauti ya muundo pia. Magari haya yalizaliwa na matairi ambayo nyuzi zake za ndani hupita kwa mshazari, wakati karibu magari yote ya leo hutumia radiali, yaani matairi ambayo nyuzi zake hupita moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Radiali hutulia zaidi barabarani, lakini ubavu wake hutuna chini unapobeba uzito, na kwa macho ya jaji wa maonyesho ya magari hilo huonekana mara moja. Anayetaka kusafiri mbali na gari lake ana haki ya kuchagua radiali, na zipo zilizotengenezwa zikiwa na weupe wa upana sahihi. Anayelipeleka gari kwenye maonyesho yanayopima uhalisi aagize mshazari, tena asome kanuni za chama husika kwanza. Kuchanganya aina hizo mbili kwenye gari moja ni hatari, kwa kuwa hushika barabara kwa namna tofauti.

Kagua maandishi ya ubavuni. Herufi DOT, alama ya Wizara ya Uchukuzi ya Marekani, hazikuwapo kwenye matairi ya miaka ya 1950, kwa hiyo muulize muuzaji zimechorwa upande gani, kwani tairi lenye weupe upande mmoja haliwezi kugeuzwa ili kuzificha. Herufi hizo zina manufaa yake hata hivyo: tarakimu nne za mwisho za namba inayozifuata huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, na tairi lililolala ghalani miaka mingi, hata kama kashata zake ni mpya kabisa, si la kulilipia bei ya jipya.

Agiza matano kwa pamoja, pamoja na spea, ili weupe na maandishi yafanane. Usikubali pete za mpira mweupe zinazobanwa kati ya rimu na tairi jeusi, kwa sababu hukusanya mchanga na kuusaga ubavu, hasa wa radiali.

Mwisho ni maandalizi ya fundi. Rimu zipakwe rangi na zikauke kabisa kabla ya matairi kufika, na kutu yote iondolewe mahali tairi linapokaa, kwa kuwa magari mengi ya Marekani tangu modeli za 1955 hayatumii mpira wa ndani na hewa hutorokea hapo. Fundi aambiwe mapema afunge tairi weupe ukitazama juu, na asitumie grisi wala mafuta ya petroli kulainisha ukingo, maana mpira mweupe hauna masizi yanayoupa mpira mweusi rangi yake, hivyo kila doa huonekana. Utando wa buluu unaokuja juu ya weupe ni wa kuukinga safarini. Uachwe mpaka tairi lifungwe na kazi zote za breki na grisi zimalizike, kisha uoshwe siku hiyohiyo kwa maji, sabuni na brashi laini, kwa sababu ukiachwa muda mrefu huweza kuacha rangi.