Jino lililolika shingoni: kompoziti au glasi ayonoma?

Mgonjwa akikaa kitini huniambia, "Daktari, nitilie ile nyeupe ya bei, ndiyo inayodumu." Nyeupe hiyo ni kompoziti, plastiki yenye chembe za kioo; mwenzake ni glasi ayonoma, saruji ya unga wa kioo na asidi. Bei haina usemi hapa. Kinachoamua ni unyevu.

1. Uliza chanzo. Kishimo cha shingoni, pale jino linapokutana na ufizi, chenye umbo la kabari, kigumu na kinachong'aa, mara nyingi ni cha mswaki mgumu unaosuguliwa kwa nguvu. Kilicho kipana, chenye kina kifupi na kuta nyororo hunielekeza kwenye asidi: ukwaju, ndimu, embe mbichi za pilipili pale ufukweni Mama Ngina, Mombasa. Kama hakiumi wala hakizidi, usikizibe. Rekebisha upigaji mswaki, kisha kitazame tena baadaye.

2. Tazama ufizi. Ukivuja damu ukiguswa, ondoa ukoga na mpe siku nyingine. Damu huharibu gundi yoyote.

3. Chagua. Jino la mbele, enameli (ganda gumu la nje) ipo ukingoni, na waweza kulikausha kabisa? Tumia kompoziti, hung'aa na hushika rangi ya jino. Lakini ukingo wa upande wa ufizi huwa ni dentini, tabaka la chini ya enameli, tena mara nyingi umejificha chini ya nyama, na hapo kompoziti huachia mapema. Kwa magego na mahali pasipokauka natumia glasi ayonoma: hushikana na kalsiamu ya jino lenyewe na hutoa floraidi. Kasoro yake ni rangi iliyofifia, na asidi huila. Glasi ayonoma iliyochanganywa na resini (plastiki) hupendeza zaidi na huganda kwa taa. Mimi huianza hiyo kwa wengi. Amalgamu, ile ya rangi ya fedha, iache, itakulazimu kuchimba hata sehemu ya jino isiyolika ili ishike.

4. Ziba. Weka uzi wa kusogeza ufizi. Kwa kompoziti, kwaruza kidogo dentini inayong'aa, maana gundi haiipendi. Asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwenye enameli kwa sekunde 15, suuza, gundi, taa, kisha tabaka zisizozidi milimita 2. Kwa glasi ayonoma, paka asidi ya poliakriliki sekunde 10 hadi 20, suuza, na usikaushe mpaka pawe peupe; pabaki na ung'avu wa maji.

Wakati wa joto la kaskazi, glasi ayonoma ya kuchanganya kwa mkono huganda upesi kabla hujaifikisha mdomoni. Poza kigae cha kuchanganyia kwenye friji, kifute umande, ndipo umimine unga. Ikishaganda, ipake vanishi mara moja.