Jinsi ya kupata kibali cha kukagua magari ya MOT Uingereza

Fundi aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam akataka kuwa mkaguzi wa MOT, ule ukaguzi wa kila mwaka kwa gari lililotimiza miaka 3, asikimbilie kozi. Aanze na leseni. Leseni ya Kenya au Tanzania haibadilishwi kwa ya Uingereza. Utaendesha nayo miezi 12 tangu uhamie, basi. Kinachofuata ni leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Bila leseni kamili ya Uingereza kwa aina ya magari utakayokagua, ombi halisogei.

Sharti la pili ni miaka 4 ya kazi ya kudumu ya kuhudumia na kutengeneza magari ya aina hiyohiyo. Hapa ndipo wengi wetu hukwama: fundi wa gereji za mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, aliyelipwa mkononi hana karatasi. Anza mapema kukusanya barua za waajiri zenye tarehe, cheo na aina ya magari uliyoshughulikia. Hakikisha majina yako matatu yamefuatana vilevile kwenye pasipoti, leseni na vyeti. Kwa magari madogo na vani utahitaji pia cheti cha ufundi, mfano NVQ ya ngazi ya 3. Hukumu ya jinai ambayo bado inahesabika kisheria, iwe ya biashara ya magari, ya MOT, ya vurugu au ya vitisho, inakuzuia.

Sasa kozi. Zamani wakala wa serikali, DVSA, ndiyo iliyofundisha wakaguzi. Tangu 2016 unajitafutia chuo au kituo kinachotoa cheti cha ukaguzi wa MOT cha ngazi ya 2, kwa gharama yako au ya mwajiri. Ni saa 29 kwa uchache.

Cheti hicho peke yake hakikupi ruhusa. Unaingia kwenye mfumo wa MOT mtandaoni, unaomba DVSA waje wakutazame ukikagua gari. Jaribio hufanyika kwenye kituo cha MOT unakofanya kazi. Kama huna ajira, tafuta kituo kitakachokubali kukupa nafasi.

Fundi hodari naye anaweza kuanguka hapa, kwa sababu mkono umezoea spana. Ukaguzi wa MOT haufungui vipuri: unatazama, unatikisa, unapima, unaandika. Na lazima uainishe kasoro sawasawa. Tangu Mei 2018 kuna za hatari, kubwa na ndogo. Tairi lenye kashata chini ya milimita 1.6 ni kasoro kubwa. Nyuzi zikitokeza, ni ya hatari. Zote mbili zinaliangusha gari, lakini ukizichanganya umekosea.

Ukifaulu, unaweza kuanza kukagua. Kila mwaka, kati ya 1 Aprili na 31 Machi, fanya mafunzo ya saa 3 au zaidi, uandike tarehe, muda na mada, kisha ufaulu mtihani wa mwaka. Tarehe ikikupita, akaunti inasimamishwa, nawe utarudia jaribio la mbele ya DVSA. Usingoje Machi.

Ireland ya Kaskazini haimo katika utaratibu huu. Kule magari hukaguliwa kwenye vituo vya serikali yenyewe, chini ya wakala wa huko, DVA, kwa hiyo anayeishi Belfast aulize huko.